Jina Lina Mwenyewe

Umurerwa alikuwa na tabia moja iliyoniudhi na kunitia wivu: alichagua vitu kwa kuangalia mara moja tu. Asubuhi, kule Kituku kando ya ziwa, alikonunua sambaza za kwenda kuuza sokoni, wanawake wenzake waligeuza beseni za samaki hao wadogo, wakanusa, wakabonyeza, wakagombana na wavuvi. Yeye alipita, akatupa jicho, akasema, "Ile." Na ile ndiyo iliyokuwa nzuri. Siku moja nilimuuliza anaonaje. "Nikiangalia mara mbili, Madame, nitadanganyika," akaniambia.

Na mume pia, Umurerwa alimchagua hivyo hivyo. Ninachosimulia hapa ni habari ya jicho hilo, na kitu ambacho liliona barabarani wakati wa vita, na jinsi kitu hicho kilivyokaa nasi katika parseli kama mpangaji asiyelipa.

Parseli kwetu Goma ni uwanja mmoja wenye nyumba kadhaa, choo kimoja na siri chache. Yetu ilikuwa Majengo, imezungushiwa ukuta wa mawe meusi ya volkano. Nyumba ya mbele ilikuwa ya mwenye parseli, Mama Katungu, mjane wa Kinande kutoka Butembo, mtu wa misa ya kila siku na mdomo usiopumzika. Ya katikati walikaa Umurerwa na mumewe Florent. Ya mwisho, ile iliyopakana na choo, ilikuwa yangu. Mimi ni Louise Zihindula, Mushi wa Bukavu, mwalimu wa biolojia. Bwana wangu aliniacha zamani, na sipendi kuonewa huruma kwa jambo hilo.

Jumapili moja mwaka wa 2009, nilikuwa nimekaa nje nikichora ndege kwenye karatasi kubwa kwa ajili ya somo la kesho yake. Umurerwa alikuwa anachambua maharagwe karibu nami. Alikuwa na mimba changa. Akauliza huyo ndege amenikosea nini hata nimchore vibaya namna ile.

Nikamweleza. Ni wale ndege wa manjano wanaosuka viota kwenye mikalitusi nyuma ya shule yetu. Dume anasuka, halafu ananing'inia chini ya kiota chake akipiga mabawa na kelele. Jike anakuja, anaingia, anavuta nyasi kwa mdomo kuona kama zinashika. Zikilegea anaondoka bila kuaga. Jike huyo hajasoma ujenzi popote. Ila majike waliokubali viota vilivyolegea, mayai yao yalianguka, na wale waliovuta nyasi kwanza, makinda yao waliruka. Vizazi vikapita, wakabaki wa kuvuta tu.

"Na sisi batu, Madame?"

Swali hilo, kwamba na sisi watu je, huulizwa kila mwaka darasani, na wavulana wa nyuma hucheka. Nikamjibu kama ninavyowajibu wao: wataalamu wanabishana. Mtu ana wazazi, ana mahari, ana dini na majirani wa kumsema, hawezi kupimwa kama ndege. Lakini huenda na sisi tumerithi kitu, jicho au sikio linalosimama mahali fulani kabla ya akili kufika. Wapo wanaosema sauti nzito ya mwanaume inaahidi mwili wenye nguvu. "Mimi nilichagua sauti," nikamwambia. "Alikuwa anaimba besi kwenye kwaya. Nguvu iliyoahidiwa ilikuwepo kweli. Aliitumia kubebea sanduku mpaka Kisangani, kwa mwanamke mwingine."

Alicheka mpaka maharagwe yakamwagika. Kisha akaacha kucheka, akanieleza ya kwake.

Alikuwa wa Rugari, barabara ya Rutshuru. Mama yake alikufa yeye akiwa mchanga, akalelewa na shangazi. Ndiyo maana ya jina lake, kwa Kinyarwanda, mtoto anayelelewa. Mwaka wa 2008 ukoo ulikuwa umeshapanga aolewe na Habarurema, mtu wa ng'ombe wengi kule Masisi. Kaka yake, Théogène, ndiye aliyesimamia mazungumzo. Mwezi wa kumi vita vikashuka barabarani, watu wa Rugari na Kibumba wakaanza kukimbilia Goma. Habarurema, ambaye wiki hiyo alikuwa amekuja kuwaona, aliwapita na pikipiki. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Aliwapungia mkono.

"Saa ingine tukafika Kibati," akasema. "Mvua ilikuwa inanyesha. Batu bote balikuwa banakimbia, na magodoro, na mbuzi, mutu anasukuma mwenzake. Mwanaume moja alikuwa anatembea pole. Mutoto ku mabega, amemufunga na kitenge, kichwa ya mutoto imelala ku kichwa yake. Anamushika miguu na mikono mbili, anamusemesha pole-pole, anacheka kidogo. Nikasema: huyu mwanaume anakataa kuamusha mutoto katikati ya vita. Njo basi, Madame. Nilimaliza kuchagua."

Umati ukamficha. Siku ya pili alimkuta Munigi, peke yake, ameketi juu ya mawe, viganja vimechubuka. Umurerwa alimkaribia kwa kisingizio cha kuomba maji. Akamuuliza mtoto yuko wapi.

"Amefika," akamjibu yule mwanaume.

"Alikuwa wako?"

"Wa batu."

Basi. Florent alikuwa mtu wa Butembo, msaidizi wa dereva wa lori la maharagwe. Lori lilichukuliwa na wenye bunduki huko juu, akabaki na miguu yake. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Ukoo wa Umurerwa haukutaka kumsikia, Mnande, maskini, mtu wa barabarani. Lakini mwenye macho haambiwi tazama. Waliishi pamoja mwaka uliofuata, na Florent akajifunza kuchonga mawe ya volkano na kujenga kuta. Ukuta wetu yeye ndiye aliyeumaliza.

Nilifurahi, sikatai. Mwalimu hupenda kuona somo lake linapita mbele yake na beseni kichwani. Nikamwambia hilo nalo limeandikwa. Kwamba tangu zamani za zamani, mtoto wa binadamu ni mzigo mkubwa kuliko mtoto wa mnyama yeyote; anachelewa kutembea, anachelewa kujilisha. Kina mama waliochagua mwanaume mwenye subira ya kubeba, huenda watoto wao waliishi. Wa wengine walibaki njiani. Sisi ni wajukuu wa waliobebwa, na huenda tumerithi jicho la bibi zetu, linalosimama likiona mwanaume na mtoto.

Umurerwa aliacha kuchambua, mkono ndani ya maharagwe.

"Kumbe macho haiko yangu," akasema mwishoni. "Ni ya bakufa. Bakufa njo banatuchagulia."

Nilimwambia si hivyo hasa. Lakini jioni hiyo nilipokunja karatasi yangu bado nilikuwa sijui ni vipi basi. Nimefundisha somo hilo miaka mingi na hakuna mwanafunzi aliyenipa sentensi ya kutisha kama ile.

Mtoto alizaliwa mwaka wa 2010, mvulana. Florent aliingia, akamtazama, akamgusa kifua kwa kidole, akasema, "Ni Kambale." Umurerwa akalipenda jina. Kwa Kinyarwanda jina ni kama sentensi, unapewa pamoja na maana yake. Yeye alidhani Kambale ni jina la babu fulani wa Butembo. Kesho yake Mama Katungu akaja kumwogesha mtoto, akauliza jina.

"Kambale."

"Kambale?" Mama Katungu akaacha kumwaga maji. "Na Mumbere ako wapi?"

Nilikuwepo. Umurerwa alicheka, akidhani ni utani wa Kinande ambao ataelezwa. Mama Katungu akamweleza, na ningemziba mdomo kama ningejua. Kwa Wanande, jina linahesabu. Mvulana wa kwanza ni Mumbere, au Paluku. Wa pili ni Kambale. Wa tatu Kasereka. Wa nne Kakule, na Florent mwenyewe ni Kakule, ana kaka watatu, anajua kuhesabu. "Mutu hawezi kuzaa Kambale kama Mumbere hajazaliwa," akasema Mama Katungu, akamlaza mtoto kifudifudi na kuendelea kumsugua. "Uliza bwana yako."

Alimuuliza. Florent akajibu, "Jina njo hilo," akachukua nyundo yake, akatoka.

Tangu siku hiyo Umurerwa aliweka vitu viwili pamoja, na mtu yeyote angeviweka. Mtoto wa Kibati hakuwa wa watu. Alikuwa wa Florent, Mumbere wake. "Amefika" maana yake amefika kwa mama yake. Kwa hiyo kuna mwanamke mahali fulani, Kibumba au Butembo, mwenye mvulana wa kwanza, na yeye Umurerwa ni wa pili kama mtoto wake. Lisemwalo lipo, na Mama Katungu alihakikisha linasemwa.

Lakini lililomtesa zaidi ni jambo dogo, ambalo mimi pia nililiona. Florent hakumbeba Kambale mabegani. Hata mara moja. Mtoto alipojua kutembea alimpandia magoti, akanyoosha mikono juu kama watoto wote wanavyofanya kwa baba zao. Florent alimchukua kwa mbele, kifuani, uso kwa uso. Mabegani, hapana. Wala mgongoni. Na kitu kingine: mtoto akisinzia mikononi mwake, alimwamsha. "Kambale. Kambale, usilale." Mtoto alilia, Umurerwa akamnyang'anya, wakagombana. Ni mwanamke gani atakayevumilia hilo? Alimchukua mwanaume kwa sababu alikataa kumwamsha mtoto katikati ya vita, na sasa mwanaume huyo huyo anamwamsha wa kwake katikati ya amani.

"Yule alimubeba ku mabega sababu alikuwa anamupenda," aliniambia siku moja, akipanga sambaza kwenye beseni bila kuzitazama. "Wangu hapana. Nilichagua baba ya mutoto mwingine, Madame."

Théogène alikuwa na jibu lake. Tangu vita vile alihamia juu ya Sake, akawa anachunga ng'ombe wa Habarurema, na kila alipokuja Goma alikaa nyumbani kwangu kwa sababu hakutaka kuketi kwenye kiti cha Florent. "Mwanaume anabeba mutoto ku barabara ili banawake bamuone," alisema. Hilo nalo limo vitabuni, nisiseme uongo. Kiota kinaweza kupendeza kwa nje na kulegea kwa ndani. Théogène alileta habari kwamba Habarurema amefiwa na mke na bado anamuulizia Umurerwa. Wakakubaliana, kaka na dada, mbele yangu: Jumapili fulani ya mwezi wa kumi na moja, 2012, Théogène angekuja kumchukua pamoja na mtoto. Umurerwa alikuwa na mimba ya pili. Alikubali bila kulia, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Vita vilifika Goma kabla ya Théogène.

Mizinga ilianza kusikika upande wa Munigi, ukuta wa Florent ukawa unatikisika, na watu wakaanza kumiminika kuelekea magharibi, barabara ya Sake. Mama Katungu alikataa kutoka. Alifunga mlango, akasema akifa atafia nyumbani kwake na rozari yake. Sisi tukaondoka asubuhi, watu wanne. Mimi nilibeba sufuria na shuka. Umurerwa alijitwika mzigo wa nguo, na tumbo lake mbele. Florent alimbeba Kambale kifuani.

Nimewahi kusikia watu wakisema umati unaokimbia una kelele. Ule ulikuwa na ukimya. Ulisikia viatu, kikohozi, mbuzi mmoja mmoja. Kila aliyepita alitazama mbele. Nilikumbuka maneno ya Umurerwa, kwamba wafu ndio wanaotuchagulia, nikawaza ni wangapi wametembea hivi kabla yetu, na nani alibebwa na nani hakubebwa. Nilipatwa na hofu ambayo mizinga haikunitia.

Mvulana wa miaka miwili na zaidi ni mzito. Kabla ya kufika Keshero mikono ya Florent ilikuwa imekufa ganzi. Alimhamisha kushoto, akamhamisha kulia. Tulisimama kila mara na watu wakatupita.

"Muweke ku mabega," Umurerwa akamwambia.

"Hapana."

"Florent. Batu banatupita. Muweke ku mabega."

"Nitamubeba hivi."

Na kila mtoto alipolaza kichwa, sauti ile ile: "Kambale, usilale." Mtoto alikuwa amechoka mpaka macho yanajigeuza. Alilia bila nguvu.

Karibu na njia ya Lac Vert, Umurerwa akatua mzigo wake chini katikati ya barabara. Hakupaza sauti. Uso wake ulikuwa mkavu. "Sikia vizuri," akamwambia mumewe. "Tukifika Sake, kaka yangu ananingojea kule, alinipigia simu. Mimi na mutoto tunaenda naye. Wewe rudia Mumbere yako, na mama yake. Nilikuona Kibati. Nilikuona namna ulikuwa unamubeba. Huyu wangu, hata siku moja."

Na wakati huo huo Kambale, ambaye tulikuwa tumemsahau, alilala. Kichwa kilianguka begani kwa baba yake, mkono ukaning'inia.

Florent akamwita. Mtoto hakuamka. Akamtikisa. Usingizi wa mtoto aliyechoka ni kama shimo, haamki kwa mara ya kwanza wala ya pili. "Kambale. Kambale, papa. Amuka." Alimwita papa, kama baba wa kwetu wanavyobembeleza wana wao, na sauti yake ikapanda, ikawa si ya mwanaume tena. Akampiga kofi la shavu, akampiga la pili. Mwanamke aliyekuwa anapita na godoro akasema, "Papa, utaua mutoto." Umurerwa alimrukia ili kumnyang'anya.

Kambale akafungua macho, akapiga ukelele.

Florent akaketi chini papo hapo, juu ya mawe, mtoto mapajani. Alikuwa anamsikiliza. Sijaona mtu akisikiliza kilio namna ile. "Lia," alimwambia. "Lia, papa. Lia tena."

Kisha akatueleza, akimtazama mtoto, si sisi.

Kule Kibumba, watu walipoanza kukimbia, mwanamke mmoja asiyemjua alimshika mkono. Alikuwa na mvulana wa umri kama huu wa Kambale, mwenye homa. Alisema, nishikie, narudi kumchukua ndugu yake nyumbani. Akamwekea mtoto mikononi na kurudi mbio. Florent alingoja. Risasi zikaanza upande ule alikokwenda, umati ukamsukuma. Mwanamke hakuonekana. Florent akamfunga mtoto mabegani kwa kitenge cha mama yake, akatembea.

"Tumbo yake ilikuwa moto sana ku shingo yangu," akasema. "Homa ilikuwa inaniunguza. Nilikuwa namuambia pole, tutafika, kuko munganga Goma. Alikuwa ananiitika kidogo. Halafu, mbele ya kufika Kibati, nikasikia shingo imepoa. Nikafurahi. Nikasema homa imeshuka. Nikamuambia, sasa uko muzuri, lala, papa, lala. Nikaanza kutembea pole, asiamuke."

Mizinga ilisikika mbali, nyuma yetu.

"Nilitembea hivyo mpaka Munigi. Muzee moja, Twagirayezu, alinisimamisha. Alinishika mukono, akasema, kijana, shusha mutoto. Nikamuambia analala. Akasema, shusha."

Ardhi ya Munigi ni jiwe tupu la volkano, jembe haliingii. Walimlaza katika ufa na kumfunika kwa mawe, Florent na mzee huyo, kwa mikono. Mzee alitaka kusali. Akauliza mtoto anaitwa nani, ili Mungu ajue ni nani anayeombewa. Florent hakujua. Njia yote mtoto hakuwa amesema neno isipokuwa "mama".

"Mutu hawezi kuzikwa bila jina. Nikasema ni Mumbere. Sababu ni wa kwanza nilibeba ku shingo. Sikuwa na mwingine." Alipangusa pua ya Kambale kwa kidole gumba. "Huyu alipozaliwa, nilitaka kumupatia Mumbere. Nilikataa. Jina iko na mwenyewe."

Umurerwa alikuwa amesimama, mikono tumboni. Nilijua anachokiona, maana nami nilikuwa nakiona: barabara ya Kibati, mvua, mwanaume anayetembea polepole na kuzungumza na kucheka kidogo. Ndiyo picha aliyoijengea nyumba yake. Ndiyo iliyomfanya aache ng'ombe wa Masisi na maneno ya ukoo. Na katika picha hiyo mtoto alikuwa ameshakufa.

"Nilikuuliza, Munigi," akasema. "Ulisema amefika."

"Alikuwa amefika."

Nilijaribu kupata neno la kuwasaidia, neno la mtu aliyesoma, na nitakiri sikulipata. Somo langu laweza kueleza kwa nini jicho la Umurerwa lilisimama pale. Laweza hata kueleza kwa nini mwanaume anawabeba walio damu yake. Kwa nini anabeba wa watu, na mtoto akiisha kupoa bado anatembea taratibu, na miaka miwili baadaye anakataa kumpokonya jina, hapo nafika mwisho wa ukurasa. Nilimchukia Théogène kidogo wakati huo, na nilijichukia mimi pia kwa kuwa na wazo moja na lake.

Umurerwa akamtazama mumewe. Aligeuka akatazama barabara ya Sake, iliyojaa watu, ambako kaka yake alimngojea. Kisha akarudisha macho kwa Florent, akamtazama tena, kwa muda mrefu, kuanzia miguuni mpaka usoni. Katika miaka yote niliyomjua, sikuwa nimewahi kumwona akiangalia kitu mara mbili.

Akamchukua Kambale mapajani mwake. Florent hakupinga, nadhani alijua ndiyo mwisho, kwamba anaondoka naye. Lakini Umurerwa alizunguka nyuma ya mumewe na kumpandisha mtoto mabegani mwake. Nikaona mwili wa mwanaume yule ukikakamaa. Akainua mikono kumshusha, na mkewe akaizuia.

"Kambale," akamwambia mtoto. "Piga ngoma ku kichwa ya papa. Piga sana. Usiache mpaka tufike."

Mtoto, machozi bado shavuni, akapiga kofi moja kwenye kichwa cha baba yake. Akasikia raha. Akapiga lingine.

Umurerwa akajitwika mzigo wake. Kwetu mzazi huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na kwa miaka miwili mtaa mzima ulimwita Florent Papa Kambale. Yeye akamwita kwa sauti, mbele ya watu wote wa barabara ile:

"Papa Mumbere, tuende."

Florent alisimama. Alitembea mpaka Sake akilia wazi, na mtoto akimpiga kichwani njia nzima, pa, pa, pa, mara kwa furaha, mara kwa uchovu. Ngoma ilipopungua, Umurerwa alimchokoza mtoto mguuni na ikaanza upya. Watu walitutazama. Wengine walitabasamu. Sake tulimkuta Théogène kando ya barabara. Alimwona shemeji yake na dada yake, akaelewa, akashika mzigo wa dada yake bila kuuliza. Sikumchukia tena.

Tulirudi Majengo baada ya wiki kadhaa. Mama Katungu alikuwa hai, na hasira, kwa sababu kombora lilibomoa sehemu ya ukuta wake. Florent aliujenga upya. Mtoto wa pili alizaliwa, naye mvulana, wakamwita Kasereka, wa tatu, na Mama Katungu alimwogesha bila swali hata moja. Nilimwona akisogeza midomo, akihesabu, halafu akapiga ishara ya msalaba.

Florent hakupona kabisa, nisidanganye. Mpaka leo akipita chumbani mwa watoto huweka kiganja kifuani kwa kila mmoja, na Kambale sasa ni kijana mwenye ndevu changa, anaona haya. Umurerwa naye ana hofu yake. Kule sokoni, mwanamke wa Kibumba akimtazama Kambale kwa muda mrefu, mkono wake husimama ndani ya samaki. Anajiuliza kama ni yule. Anajiuliza kama aliwahi kurudi mahali pale alipomwacha mtoto wake na kukuta barabara tupu, na kama bado anamtafuta mwanaume aliyemshikia mtoto. Hajawahi kuuliza yeyote. Aliniambia anaogopa jibu kuliko anavyoogopa vita, na vita vimerudi mara nyingi tangu hapo.

Wapangaji wapya wakija katika parseli husikia "Papa Mumbere" kila siku, wakahesabu watoto, wakaona hesabu haifiki. Siku moja mama mmoja kijana aliuliza, kwa adabu, huyo Mumbere mwenyewe anasoma wapi, maana hajawahi kumwona.

Umurerwa alikuwa anatandaza sambaza juani. Hakuinua kichwa.

"Ako Munigi," akamjibu. "Yeye njo alinichagulia bwana."